Wayo na Wai

Mimi ni mwoga, tuanzie hapo. Naogopa lifti, naogopa mbwa wadogo kuliko wakubwa, naogopa simu ikiita wakati wa chakula. Lakini woga wangu wa zamani kabisa ni woga wa irabu. Juzi nilikuwa napanda ngazi za jengo anapokaa rafiki yangu kule Anderlecht, nimebeba keki, nikapigwa na harufu ya papadi, ile mikate mikavu ya dengu, myembamba kama karatasi, ikibabuliwa juu ya moto wa gesi. Miguu ikakataa kupanda. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, keki mapajani, hadi mpangaji mmoja akaniuliza kwa Kifaransa kama najisikia vibaya. Nilimwambia nimechoka tu, akapita.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka ile Bruseli ya kadi za simu za kukwangua, wazazi wetu wakipigia ndugu Lubumbashi huku wakipaza sauti utadhani wanataka wasikike bila simu. Sisi tulikaa Evere, ghorofa ya tatu, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Maman Kamla. Alikuwa Msindhi. Wazazi wake walikimbia kwao Sindhi India ilipogawanywa, wakahamia upande wa India, yeye akazaliwa huko, akaolewa na mfanyabiashara wa vitambaa wa Lubumbashi, na kwa miaka mingi akawapimia mabibi zetu vitenge kwa mkono wake. Duka lilipoporwa wakaja Ubelgiji, na hapo mume akafariki. Mama alijuana naye siku alipojiangushia mfuko wa viazi kwenye kidole cha mguu pale ngazini, akatoa neno moja la Kiswahili ambalo sitaliandika hapa. Mlango ukafunguka, akatokea mwanamke amevaa sari na soksi za sufu.

“Ee, maman!” akasema, anacheka hadi anashika ukuta. “Ile neno sikuisikia tangu nilitoka Lubumbashi!”

Toka siku hiyo nikawa mtoto wa nyumba mbili. Papa alifanya kazi kwenye maghala, Mama alisafisha ofisi jioni, na mimi nikitoka shule nilikula, nikafanya kazi za nyumbani na kusinzia kwa Maman Kamla. Alikuwa mpweke, nadhani, na upweke wake aliutibu kwa kunifundisha Kisindhi. Alianza na vitu vya mezani.

“Hii ni nini?”

“Kitabu.”

“Na kwetu ni kitabu. Paka vile vile. Lakini kwetu ni mwanaume.” Paka ya Lubumbashi si mnyama, ni “tu”.

“Nani ni mwanaume?”

“Kitabu. Na hii?”

“Meza.”

“Kwetu pia ni meza. Ule ni mwanamuke.”

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Aliniambia kwamba katika lugha yao kila kitu ni dume au jike, hata kijiko: kijiko kikubwa cha kupakulia ni chamcho, huyo mwanaume, kidogo cha chai ni chamchi, mwanamke. Mlango, darwazo, mwanaume. Dirisha, dari, mwanamke. Ukitaka kujua, sikiliza mwisho wa neno, alisema, ile sauti ndogo ya mwisho njo, yaani ndiyo, inasema ukweli. Kifaransa nacho kina le na la, mnajua, lakini le na la za shuleni zilikuwa za kupoteza alama kwenye imla tu, sikuwahi kudhani zina maana yoyote. Za Maman Kamla niliziamini. Nilikuwa na miaka minane na niliamini kila nilichoambiwa na mtu anayenilisha.

Basi woga ukaanza. Kama kitabu ni mwanaume, kinaona? Nikawa kabla ya kubadilisha nguo nageuza vitabu vyangu vyote vya shule viangalie ukuta. Mama alinikuta siku moja akaniuliza nimekosana na hesabu au vipi. Halafu ikaja shida kubwa zaidi. Kwa Kisindhi hata mtu akisema “naenda” lazima ajitaje: mwanaume anamalizia na tho, mwanamke anamalizia na thi. Mimi nikasema tho. Maman Kamla akapiga kofi hewani.

“Hapana, mama! Ukisema vile uko kijana mwanaume. Sema thi.”

Nilisema thi, thi, thi, kisha nikakimbilia chooni kujiangalia kama bado niko vile nilivyokuwa. Chekeni tu. Mimi sikucheka, nilitoka humo jasho linanitoka, na kwa muda mrefu sikuthubutu kusema “naenda” kwa Kisindhi bila kwanza kuinong’ona ndani ya kichwa.

Ukutani pale sebuleni kulikuwa na picha mbili zilizovishwa mashada ya maua ya plastiki. Ya kwanza ni ya mumewe, mwenye masharubu na tai.

“Alienda wapi?” nilimuuliza.

“Mari wayo,” akasema taratibu. “Alikufa.”

Picha ya pili ilikuwa ya mtu mzee aliyejitanda kichwani, uso mkavu, sikuweza kujua kama ni babu au bibi. “Na huyu pia mari wayo?”

“Ah, hapana. Ule ni mama mukwe. Yeye ni mari wai.”

Kwa hiyo hata kufa kuna kwa wanaume na kwa wanawake. Wayo, wai. Nililishika neno hilo kama mtoto anavyoshika matusi, bila kujitahidi.

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa bado si kubwa sana pale miguu yake ilipoanza kuvimba, na macho yakawa yanaona vimulimuli, na asubuhi moja wanaume wawili waliovaa fulana za njano wakamteremsha ngazi akiwa amekalishwa kwenye kiti chenye mikanda. Alinipungia mkono, lakini alipunga upande ambao sikuwepo. Walimpeleka hospitali kubwa ya Woluwe. Siku ya pili Papa akasema bebe amezaliwa kabla ya wakati, yuko kwenye kisanduku cha kioo, na Mama naye amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, na watoto wa umri wangu hawaruhusiwi kuingia. Alisema hivyo huku akifungua na kufunga kabati la sukari bila kutoa sukari.

Hakuna aliyeniambia zaidi. Shuleni mwalimu aliniuliza kwa upole, “Et le bébé, il va bien?” Yaani, na bebe, hajambo? Il, ile ya wanaume. Nikajua basi nina mdogo wa kiume. Sikuuliza mtu, Kifaransa kilikuwa kimeshanijibu. Nyumbani Papa alisema tu bebe, au mudogo yako, na mudogo ni mudogo, hakuna anayeuliza ni yupi. Nikaanza kumwazia huyo mdogo wangu: kichwa kikubwa kama cha Papa, na mimi namsukuma kwenye kigari hadi bustanini.

Jioni Papa alikuwa anapiga simu Lubumbashi kwa shangazi, amesimama roshani anaangalia chini kwenye maegesho. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

“Docteur anasema iko mubaya,” nilimsikia. “Hapana, haamuke bado. Damu. Ndiyo. Atapona ao hatapona, hatuyue. Yule mwengine, bon, yule anajikaza kidogo.”

Nani haamki? Nani anajikaza? Niligandisha masikio yangu pale mlangoni na Kiswahili changu kipenzi kikaninyima jibu. A, a, a. Atapona, hatapona. Hiyo a inamkaa mama mtu mzima, inamkaa mtoto wa kwenye kisanduku, inamkaa yeyote mwenye pumzi. Nilijua tu kwamba kuna watu wawili na mmoja wao anakufa, na lugha ya nyumbani kwetu haikutaka kuniambia ni yupi. Kuuliza sikuweza. Nilikuwa na hakika kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Hapo ndipo nikaikumbuka ile sauti ndogo ya mwisho. Maman Kamla alikuwa na dada yake Antwerpen, na kila siku walizungumza kwa simu, kwa Kisindhi, wakifikiri sielewi. Kweli sikuelewa mengi. Lakini Kisindhi hakijui kuficha: lazima kiseme o au kiseme i. Ikiwa o, ni mdogo wangu. Ikiwa i, ni Mama. Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi zangu za shule karibu na mlango wa jiko lake, kalamu mkononi, siandiki kitu, nasikiliza mikia ya maneno. Aliponiwekea chakula nilikizungusha kwenye sahani hadi kikapoa.

Ikafika Jumatano, siku ambayo shule za Ubelgiji hufungwa mchana. Maman Kamla alikuja kunichukua, tukarudi, akaanza kubabua papadi kwenye gesi kwa sababu alijua nikikataa wali papadi sikatai. Simu ikaita. Akaipokea kwa bega, mkono mmoja bado unageuza papadi.

“Ndiyo, papa,” akasema. Kisha akazima moto. “Oui. Oui. Ee Mungu. Hapana, papa, simuambie. Utamuambia weye mwenyewe. Kuja tu, iko hapa, iko bien.”

Akaiweka simu chini. Akanitazama, akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko kilio, kwa maana mdomo ulikuwa unacheza wenyewe. Aliniletea sahani sebuleni, akanipapasa kichwa, akarudi jikoni na kufunga mlango. Hakuwa amewahi kufunga mlango ule hata siku moja. Nikasikia vitufe vya simu, nikamsikia dada yake akiitwa kwa jina, nikavua viatu na kunyata. Sufuria la presha lilikuwa linapiga miluzi na kula maneno yote. Niliposhika kitasa mluzi ukakatika, na katika kile kimya nikasikia maneno mawili tu.

“…mari wai.”

I.

Nilirudi kwenye kiti. Sikulia. Nataka mnielewe hapa: hofu niliyoijua hadi siku ile ilikuwa ya kukimbia, ya lifti na mbwa, na hii haikuwa na pa kukimbilia. Nilisikia baridi kwenye meno. Niliitazama ile papadi sahanini nikawaza kwamba Mama hatanunua tena viatu, hatatukana tena kwenye ngazi, na nani atanisuka nywele, Papa hajui kusuka. Nikawaza labda nimesikia vibaya. Labda ilikuwa wayo na mluzi umekula mwisho wake. Nikaanza kusema polepole, kwa midomo tu, wayo, wayo, wayo, nikiamini kwamba nikilisema kwa nguvu ya kutosha litaingia mahali pa lile jingine, kama nilivyoamini kwamba tho itanigeuza mvulana.

Kisha nikanyamaza ghafla, nikafunika mdomo kwa mikono miwili. Wayo nayo ina mwenyewe! Nikimtoa Mama kwenye neno lile, namtia nani? Namtia yule mwenye kichwa kikubwa, wa kwenye kisanduku. Miisho ilikuwa miwili tu na kila mmoja ulikuwa na mtu wangu ndani yake. Nilibaki nimefunika mdomo hivyo hivyo, naogopa hata kupumua kwa sauti, hadi nikasikia hatua za Papa kwenye ngazi.

Aliingia na koti lake la kazini. Hakukaa.

“Vaa viatu,” akasema. “Tunaenda ku hôpital. Leo banakubali uingie.”

Maman Kamla alinifunga zipu ya koti hadi kidevuni, akanishika mashavu, akasema kitu cha Kisindhi ambacho sikukisikiliza mwisho wake. Sikutaka tena kusikia mwisho wa kitu chochote.

Ndani ya basi tulikaa viti vya nyuma. Papa alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikaniuma, na mimi nikamwachia aniumize. Kioo kilikuwa na ukungu, Evere inapita nje na sisi hatuioni. Nikasema, bila kumtazama:

“Papa. Alienda?”

Nilimsikia akivuta pumzi. “Maman Kamla alikuambia?”

“Nilisikia.”

“Nilimuambia aniachie.” Lakini hakukasirika. Mabega yake yalishuka, akawa mtu aliyesaidiwa kubeba. “Ndiyo, mama. Alienda. Asubui.”

“Aliumwa?”

“Docteur anasema hapana. Alilala paka vile. Nguvu iliisha.”

“Alilia?”

“Hakulia hata kidogo.”

Kila jibu lilikaa sawasawa na kila swali. Nilitaka kumuuliza nani, neno moja fupi, na ulimi haukunyanyuka. Badala yake nikamuuliza kama nitaruhusiwa kumgusa. Papa akasema ndiyo, kama nataka, akageuza uso kwenye kioo chenye ukungu.

Hospitali ilikuwa na lifti, na kwa mara ya kwanza maishani sikuiogopa lifti, sikuwa na woga wa kuzidisha. Tulipita ukumbi mrefu unaonuka sabuni. Papa akasukuma mlango. Nilikuwa nimejiandaa kuona shuka lililofunika mtu, nimejiambia nitatazama miguu tu, miguu ile iliyovimba, nitaishika kisha nitatoka.

Mama alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kichwani, mgongo kwenye mito, ananitazama.

Nilipiga ukelele uliomleta muuguzi mlangoni. Nilijificha nyuma ya koti la Papa na kuling’ang’ania, naona kabisa kwamba wamekalisha maiti, na maiti inanyoosha mkono.

“Kuya hapa,” maiti ikasema. “Juu ya nini unaniogopa? Kuya, mama.”

Papa alinibandua kwenye koti na kunisogeza. Nikagusa kidole cha ule mkono ulionyooshwa. Kilikuwa cha moto. Nikagusa mkono, nikagusa shingo, nikapanda kitandani juu ya mirija na yote, nikaanza kucheka na kuruka kwa magoti.

“Maman hakufa! Papa, angalia, hakufa! Maman Kamla alisema wai, si kweli, angalia, iko moto!”

Hawakucheka. Papa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, viwiko magotini. Mama alinikamata kiunoni akanisimamisha, taratibu, na hapo nikaona macho yake yamevimba kuliko miguu.

“Na bebe?” nikauliza. “Bebe iko wapi?”

“Papa alikuambia,” akasema Mama. “Ndani ya bus. Anasema mulizungumuza.”

“Hapana. Papa alisema juu yako.”

Wakatazamana. Nilikuwa naelewa na sielewi. Nilianza kuwaeleza kwa haraka, kana kwamba nikieleza vizuri mambo yatarudi yalipokuwa: kwamba haiwezekani, kwamba Maman Kamla alisema kwa i, na i ni ya wanawake, na bebe ni mwanaume, mwalimu mwenyewe anasema il, kwa hiyo kama si Mama basi hakuna mtu, hakuna aliyekufa, wamekosea.

“Nani alikuambia bebe ni mwanaume?” Mama akauliza.

Sikuwa na wa kumtaja. Kifaransa humwita kila mtoto mchanga il, awe nani, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Kiswahili kilimwita mudogo. Katika lugha tatu zilizopita masikioni mwangu wiki ile, ni ile ya jirani peke yake iliyonipa habari za bebe, na mimi nikazibandika kwa mtu mwingine.

“Alikuwa mwanamuke,” Mama akasema. “Alikuwa na nywele mingi, sawa weye.”

Nilitazama mikono yangu. Furaha ilikuwa bado imo mwilini, magoti yalikuwa bado yanataka kuruka, na sikujua niipeleke wapi. Nilikuwa nimemaliza mchana mzima nikimwogopea mtu aliye hai. Huyu mwingine nilikuwa sijamwogopea hata kidogo, kwa sababu sikujua kwamba yupo.

“Uliogopa ni mimi?” Mama akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Mimi niko.” Akasogea pembeni, akanilaza kifuani pake na viatu vyangu. “Bon. Lia basi, mama. Ule alikuwa wako pia.”